Kabla Moyo Haujasimama: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Upasuaji na Ndugu Zake

Wengi wanaokwenda kufanyiwa upasuaji hawaogopi kisu, wanaogopa usingizi. "Nikilala, nitaamka?" Swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na mara nyingi huelekezwa kwa muuguzi anayesukuma kitanda badala ya mtaalamu wa usingizi mwenye jibu. Ni swali halali. Moyo husimama wakati wa upasuaji kwa nadra, na ukisimama huwa kuna sababu. Sababu nyingi huanza kujionyesha dakika, siku au hata wiki kadhaa kabla, na baadhi yake mgonjwa na ndugu zake wanazijua kuliko mtu yeyote hospitalini.

Dakika za hatari ndani ya chumba cha upasuaji ni za wataalamu. Huna la kufanya humo. Lakini wiki zinazotangulia na siku zinazofuata ni zako na za watu wako, na huko ndiko nafasi kubwa ya kupona inakojengwa au kupotea. Mwongozo huu unahusu nyakati hizo mbili. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakuandaa ujue cha kumwambia na cha kumuuliza.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Moyo kusimama ni moyo kuacha kusukuma damu. Baada ya dakika nne au tano ubongo unaanza kudhurika kwa kukosa oksijeni. Si jambo moja na kuziba kwa mshipa wa moyo, ingawa mshipa ukiziba moyo unaweza kusimama.

Nchini Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi kilikusanya kwa mwaka mzima, kuanzia katikati ya 2021, taarifa za wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama wakati wa upasuaji au muda mfupi baada yake. Ripoti iliyotoka 2023 ilihesabu wagonjwa 881, takriban 3 katika kila 10,000 waliopewa usingizi au ganzi chini ya uangalizi wa wataalamu hao. Takriban robo tatu ya wagonjwa hao walirudishwa mapigo. Walio hatarini zaidi walikuwa watoto wachanga, wazee, wenye maradhi mazito na waliopasuliwa kwa dharura.

Linganisha na mtu anayeanguka sokoni. Hata katika nchi tajiri zenye magari ya wagonjwa ya kutosha, wanaonusurika hadi kutoka hospitali ni takriban mmoja kati ya kumi. Aliye kwenye meza ya upasuaji ana bahati ya kuangaliwa kila sekunde: kanula imeshawekwa mshipani, njia ya hewa iko mikononi mwa mtaalamu, dawa ziko karibu. Tena, mara nyingi kilichousimamisha moyo kinajulikana au kinaweza kukisiwa haraka, na kinatibika.

Sasa tazama upande wetu. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa vijana kuliko wa mabara mengine na wengi hawakuwa na maradhi mengi, lakini waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia. Na takriban asilimia 94 ya vifo hivyo havikutokea siku ya upasuaji. Vilitokea kuanzia kesho yake, mgonjwa akiwa ameshatoka chumba cha upasuaji na ndugu wameshashusha pumzi. Kwa hiyo usiweke hofu yako yote kwenye saa za meza. Bakiza nyingine kwa ajili ya wodi.

Kinachousimamisha moyo

*Kuvuja damu.* Katika ripoti ya Uingereza hii ndiyo iliyoongoza. Kwetu, mama anayejifungua ndiye mfano wa kwanza: kondo la nyuma lililojishikiza vibaya, kizazi kisichojikaza, au kizazi kilichopasuka. Moyo hauwezi kusukuma damu ambayo haipo.

*Kukosa hewa.* Mpira wa kupumulia ulioingia kwenye njia ya chakula badala ya koo la hewa, matapishi yaliyoingia mapafuni, pumu iliyobana ghafla. Kwa watoto hii ni sababu kubwa, kwa kuwa oksijeni yao huisha upesi kuliko ya mtu mzima.

*Ganzi na dawa.* Ganzi ya mgongo, ile wanayochomwa kina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, hushusha presha. Ikipanda juu kupita kiwango, huzuia misuli ya kupumua na kupunguza mapigo ya moyo. Dawa za ganzi zikiingia kwenye mshipa wa damu kwa wingi huusumbua moyo moja kwa moja. Mzio wa antibayotiki au wa dawa ya kulegeza misuli unaweza kuishusha presha ndani ya dakika chache.

*Mshtuko wa neva.* Kuvutwa kwa utando wa tumbo, kujazwa hewa tumboni kwa upasuaji wa kamera, au kuvutwa kwa misuli ya jicho kunaweza kuufanya moyo upige polepole hadi usimame. Mara nyingi daktari akiacha kuvuta na dawa ikatolewa, mapigo hurudi.

*Moyo wenyewe na mapafu.* Valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, mishipa ya moyo iliyoziba, moyo uliolegea baada ya uzazi, au bonge la damu lililotoka mguuni na kuziba mapafu.

*Ya kurithi.* Hizi ni adimu, lakini humpata mtu aliyeonekana mzima kabisa. Mwaka 1960 madaktari wa Melbourne, Australia, walimpokea kijana aliyevunjika mguu. Kilichomtia hofu hakikuwa mfupa bali usingizi, kwa sababu ndugu zake kumi walikuwa wamefariki baada ya kupewa dawa ya usingizi ya etha. Walimsikiliza, wakatumia dawa nyingine wakimwangalia kwa karibu. Mwili wake ulipoanza kupanda joto na presha kushuka, wakakatisha dawa na kumpoza, naye akapona. Maelezo yake ndiyo yaliyoufungulia utabibu mlango wa kuufahamu ugonjwa unaoifanya misuli ichemke kwa baadhi ya dawa za usingizi. Madaktari hawakuwa na kipimo cha kuwaonya. Walikuwa na maneno ya mgonjwa tu.

Nani hunusurika?

Mambo haya ndiyo yanayopima uzito wa tukio, na yatakusaidia kumwelewa daktari atakapozungumza na familia.

1. *Chanzo.* Moyo uliosimama kwa mshtuko wa neva au dawa hurudi kwa urahisi zaidi kuliko uliosimama kwa kuishiwa damu au kwa bonge lililoziba mapafu.
2. *Kasi.* Aliyeonekana presha inashuka akatibiwa kabla ya moyo kusimama yuko mbali sana na aliyekutwa hana mapigo.
3. *Hali ya mgonjwa kabla.* Wataalamu wa usingizi huwapanga wagonjwa kwa madaraja: la 1 ni mzima kabisa, la 5 ni asiyetarajiwa kuishi bila upasuaji. Muulize daktari wako uko daraja la ngapi, na kama lipo la kufanya ushuke daraja kabla ya siku yenyewe.
4. *Dharura au kwa mpango.* Dharura humkuta mgonjwa ameshiba, ameishiwa maji au damu, na pengine ni usiku, wataalamu wakiwa wachache.
5. *Muda wa kukandamizwa kifua.* Mapigo yakirudi ndani ya dakika chache, matumaini ya ubongo kubaki salama ni makubwa. Kila dakika inayoongezeka inayapunguza.
6. *Mahali.* Oksijeni isiyokatika, damu iliyopimwa na kulinganishwa, mikono ya kutosha yenye ujuzi, na kitanda cha wagonjwa mahututi baada ya hapo.

Mengine kati ya hayo huwezi kuyagusa. La 3, la 4 na la 6 unaweza kuyasogeza, ukianza mapema.

Wiki kabla: fanya haya

*Usiahirishe upasuaji wa mpango hadi uwe wa dharura.* Ngiri inayorudi ndani leo inaweza kunasa na kuoza mwezi ujao. Upasuaji ni uleule, lakini hatari yake si ileile tena.

*Pima damu na presha.* Ukikutwa na upungufu wa damu na upasuaji unaweza kusubiri, wiki kadhaa za vidonge vya madini ya chuma zinakupa akiba ya kuvumilia damu itakayopotea. Madaktari wengi huahirisha upasuaji usio wa haraka presha ikifika 180 kwa 110. Usikasirike ukirudishwa nyumbani, umeokolewa.

*Chunguza moyo ukiwa na dalili.* Unapanda ngazi ghorofa moja ukatweta? Unalala kwa mito mitatu? Miguu inavimba? Uliwahi kuzimia? Yataje. Mjamzito mwenye dalili hizo asiambiwe "ni mimba tu" bila kusikilizwa moyo, kwa kuwa valvu iliyobana huweza kukaa kimya miaka na kujitokeza ujauzito unapouongezea moyo kazi. Daktari akiona haja atakuandikia kipimo cha moyo au rufaa. Kwa Tanzania kituo kikuu cha umma ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

*Sema kama una seli mundu.* Baridi, kiu na upungufu wa oksijeni ni maadui wa mgonjwa huyu, na vyote vinaweza kumkuta chumba cha upasuaji. Timu ikijua mapema itampasha joto, itampa maji na kuandaa damu.

*Acha sigara.* Wiki nne au zaidi ndizo bora kwa mapafu na kidonda. Hata hivyo siku moja tu bila sigara hupunguza hewa ya sumu inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Miraa nayo hupandisha mapigo na presha. Iache, na umwambie mtaalamu wa usingizi mara ya mwisho ulitafuna lini.

*Usijikatie dawa wala usijiongezee.* Vidonge vya presha vya aina ya atenolol au bisoprolol kwa kawaida huendelea hadi asubuhi ya upasuaji, na kuvikatisha ghafla ni hatari. Losartan au enalapril madaktari wengi huzisimamisha siku moja kabla. Warfarin kwa kawaida husimamishwa siku tano kabla, lakini kwa mpango wa daktari. Dawa za kisukari zina mpangilio wake kwa asiyekula. Peleka dawa zote zilivyo, na maboksi yake, pamoja na dawa za mitishamba. Mama aliyepewa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu aseme bila aibu, kwa sababu dawa ya namna hiyo inaweza kukaza kizazi kupita kiasi. Kuna pombe, dawa za kulevya, dawa za kila siku ambazo nyumbani hawazijui. Omba faragha, useme. Mficha maradhi kifo humuumbua.

*Tafuta wachangia damu mapema.* Damu ikishatolewa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha hulinganishwa na ya mgonjwa. Hayo hayafanyiki huku mtu anavuja. Waombe ndugu na majirani wazima wenye kilo 50 au zaidi waende kituo cha damu salama siku kadhaa kabla. Kama imani yako hairuhusu kuongezewa damu, sema kliniki, siyo mlangoni mwa chumba cha upasuaji, ili mpango mwingine upangwe.

Ukikutana na mtaalamu wa usingizi

Ukipelekwa kwake kabla ya siku ya upasuaji, usimchukulie kama mtu wa kupiga muhuri. Yeye ndiye atakayekuwa na pumzi yako mkononi. Mwambie kila lililowahi kukupata wewe au ndugu wa damu: "Shikamoo daktari. Mama mdogo alipofanyiwa upasuaji wa kizazi alikaa kwenye mashine ya kupumulia hadi usiku, wakati wenzake waliamka mchana." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha dawa atakayoichagua. Taja pia kukoroma kunakoishia na pumzi kukatika, meno yanayotikisika, mzio wa dawa na wa mipira, na kama shingo haigeuki au mdomo haufunguki vizuri.

Kisha uliza, kwa adabu na bila woga:

- Nitapewa nusukaputi au ganzi ya mgongo, na kwa nini?
- Nani atakayenipa, na atakuwepo muda wote?
- Kuna kipima oksijeni cha kidoleni na oksijeni ya akiba umeme ukikatika?
- Damu ya kundi langu ipo?
- Nikitoka nitalazwa wapi, na usiku nani ataniangalia?

Fomu ya ridhaa isainiwe baada ya majibu. Hospitali isipokuwa na uwezo wa kukuhudumia kwa hatari uliyonayo, rufaa kabla ya upasuaji si aibu kwa mtu yeyote.

Usiku wa kuamkia na asubuhi yake

Chakula kikome muda wa saa sita kabla ya upasuaji, na chenye mafuta mengi muda wa saa nane. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Maji matupu na chai ya rangi kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Mtoto anayenyonya ziwa la mama aachishwe saa nne kabla. Fuata utakavyoelekezwa hospitalini, lakini kama zamu yako imesogezwa kutoka asubuhi hadi alasiri, uliza kama unaweza kunywa maji, hasa kwa mtoto na kwa mwenye seli mundu. Kufunga kupita kiasi nako kunadhuru. Na ukiwa umekula, kiri umekula. Mwenye tumbo lililojaa anaweza kupewa usingizi kwa njia tofauti. Anayeficha anaweza kutapikia mapafuni.

Futa rangi ya kucha. Bibi harusi au mama aliyepakwa piko nyeusi vidoleni amwonyeshe muuguzi, kwa kuwa kipimo cha oksijeni husoma kwa mwanga unaopita kidoleni na weusi huo unaweza kukichanganya. Kidole kisichopakwa au ncha ya sikio vitatumika. Vua hereni, bangili, meno bandia na miwani ya ndani ya macho.

Ikiwa ni dharura

Hakuna muda wa kliniki. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa akariri mambo matano: *mzio* alionao, *dawa* anazotumia, *maradhi* aliyonayo na kama ni mjamzito, *mlo wa mwisho* ulikuwa lini, na *tukio* lenyewe limetokeaje. Ayaseme kwa kila anayempokea mgonjwa, hata kama ameshayasema mapokezi. Ndugu wengine waende kuchangia damu wakati huohuo, wasisubiri kuitwa.

Kwenye meza

Utaulizwa jina lako, unafanyiwa nini na upande upi, pengine mara tatu. Siyo kwamba faili limepotea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kukata na kabla ya kutoka. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jibu maswali yote kikamilifu, na kama hakuna aliyetaja mzio wako, utaje.

Ukiwa macho kwa ganzi ya mgongo, wewe mwenyewe ni kipimo. Kichefuchefu cha ghafla mara nyingi ni presha inashuka. Vidole vya mikono kufa ganzi, sauti kuwa nyembamba, kifua kuwa kizito ni dalili kwamba ganzi inapanda. Usivumilie ili usionekane msumbufu. Sema: "Daktari, mikono inakufa ganzi, sipumui vizuri." Vipima oksijeni vingi hubadili mlio kadiri oksijeni inavyopungua, na mtaalamu wa usingizi huutambua mlio huo unaozama hata akiwa amegeukia meza ya dawa. Sauti yako inaweza kumfikia kabla ya mlio.

Moyo ukisimama, mtaalamu wa usingizi hutangaza kwa sauti. Mpasuaji huacha anachofanya, na kama kuna mshipa unaovuja huukandamiza kwa mkono. Dawa ya usingizi hufungwa, oksijeni hufunguliwa yote. Mmoja huanza kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na kila baada ya dakika mbili mwingine humpokea, kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajatambua. Adrenalini hupita mshipani. Moyo unaotetemeka badala ya kupiga hushtuliwa kwa mashine. Mama mwenye mimba kubwa, tumbo husukumwa upande wa kushoto ili lisibane mishipa ya damu, na mapigo yasiporudi mtoto hutolewa ndani ya dakika tano hivi, hatua inayomsaidia mama mwenyewe. Wakati huohuo timu nzima inatafuta chanzo, kwa kuwa kukandamiza kifua kunanunua muda tu. Kinachorudisha uhai ni kuziba panapovuja, kutoa hewa iliyobana mapafu, kuongeza damu, au kutibu mzio.

Mbinu hii ya kukandamiza kifua kwa nje ilitangazwa 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins, Baltimore. Kabla ya hapo njia iliyotegemewa chumba cha upasuaji ilikuwa kupasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono.

Wodini: zamu ya ndugu

Rudi kwenye ile asilimia 94 ya vifo visivyotokea siku ya upasuaji. Mgonjwa akisharudishwa kitandani, panga zamu za ndugu kadiri hospitali inavyoruhusu, hasa usiku wa kwanza na wa pili. Mwenye zamu asiwe mtu wa kusali na kusinzia tu. Awe na saa na macho.

Hesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima ukitazama kifua kikipanda. Kwa mtu mzima aliyetulia, 12 hadi 20 ni kawaida. Mwite muuguzi mara moja ukiona:

- pumzi chini ya 10 au zaidi ya 25 kwa dakika;
- mgonjwa anakoroma kizito na haamki ukimtikisa, hasa baada ya sindano ya maumivu;
- jasho la baridi, midomo kupauka, au anaanza kuongea mambo yasiyoeleweka;
- bandeji imelowa damu, au mama aliyejifungua analowesha pedi nzima kabla ya saa moja kuisha;
- mkojo umekuwa kidogo sana au haupo;
- maumivu ya kifua, au mguu mmoja umevimba na kuuma.

Usiseme tu "Sista, mgonjwa hajisikii vizuri." Sema: "Sista, tafadhali njoo umwone. Anapumua mara 30 kwa dakika, na nusu saa iliyopita zilikuwa 18." Namba humwinua mtu haraka kuliko malalamiko. Asipokuja, mfuate. Asipopatikana, muulize daktari wa zamu yuko wapi. Utafiti uliofuata wa wataalamu walewale waliofanya ule wa Afrika wa 2018, uliochapishwa 2021, uliwaongezea uangalizi wagonjwa wenye hatari kubwa, lakini vifo havikupungua. Kwa hiyo usihesabu na kuandika tu ukatulia. Fuatilia mpaka mtu afike kitandani na achukue hatua.

Usimnyweshe uji au chai mgonjwa ambaye hajaamka sawasawa, hata shangazi akisisitiza. Akiruhusiwa na daktari, msaidieni akae, apumue kwa kina, ashuke kitandani na kutembea hatua chache. Kutembea mapema ni kinga dhidi ya mabonge ya damu na nimonia.

Ikitokea kwenu

Mkiitwa na kuambiwa moyo ulisimama ukarudi, chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari, mwenye utulivu, na awape wengine taarifa. Aulize: ulisimama kwa muda gani? Chanzo kimejulikana? Kimeshatibiwa? Atalazwa wodi ya mahututi hapa au atahamishwa, na akihamishwa nani atakwenda naye? Mgonjwa anaweza kubaki kwenye mashine ya kupumulia, akizuiwa asipande homa. Msidai siku hiyohiyo jibu la kama ubongo umesalimika. Dawa za usingizi huchelewa kutoka mwilini, na madaktari kwa kawaida hungoja angalau saa 72 kabla ya kutoa hukumu nzito kwa mgonjwa ambaye bado hajazinduka.

Akiwa amefariki, familia ina haki ya kuelezwa na daktari mwenyewe kilichotokea, kwa lugha inayoeleweka. Kuuliza si kushutumu. Jibu linaweza kumlinda aliye hai, kwa kuwa kama chanzo ni cha kurithi, watoto na ndugu wa damu wanapaswa kulijua kabla nao hawajalala kwenye meza hiyo.

Na aliyepona asiruhusiwe kwenda nyumbani bila barua inayotaja alipewa dawa gani za usingizi, nini kilitokea, kilitibiwaje, na dawa zipi asipewe tena. Ipige picha kwa simu, mtumie ndugu mmoja unayemwamini, na uionyeshe kila unapoulizwa kama umewahi kufanyiwa upasuaji, hata kama safari hiyo umekwenda kung'oa jino tu.